Mafuta ya Maharage

Emérence hakuwa mtu mbaya. Naanza na hilo kwa sababu watu wa kilima chetu wakimtaja huanza na wivu wake, na wakishaumaliza wivu hawana tena muda wa mengine. Alikuwa mke wa Nzabandora, na nyumba yao ilikuwa juu ya njia ya kwenda Kirotshe, mahali ambapo ukungu ukiondoka unaliona ziwa chini. Mimi nilikuwa jirani yake. Tuliteka maji pamoja miaka mingi, na mengi ya haya aliniambia mwenyewe tukimenya maharage mlangoni kwake. Wivu alikuwa nao, sikatai. Lakini wivu wake ulikuwa na sababu, na sababu hiyo ilikuwa na jina. Iliitwa Mukasine.

Kabla ya Mukasine kulikuwa na mama mkwe. Huyo tulimwita Mama Nzabandora, kwa jina la mwanawe mkubwa, na kilima kizima kilimwogopa kidogo. Emérence alipoolewa, kabla ya vita vya pili vya wazungu, mama mkwe alimpa gisabo, kile kibuyu kikubwa cha kusukasukia maziwa, akampa na maziwa ya siku kadhaa yaliyokwisha kuganda, akamwambia: tuone mkono wako. Emérence alikaa chini, akakiweka kibuyu juu ya kata ya majani, akakisukasuka mpaka mabega yakamuuma. Siagi ikatoka, tena nzuri. Akaiosha kwa maji baridi, akaiweka kwenye chungu, chungu juu ya moto, ili ayeyushe apate samli. Hapo akaitwa nje kumsalimu mgeni. Mgeni alikuwa na maneno mengi. Aliporudi, machicha ya siagi yalikuwa yameungua chini ya chungu, na samli ilikuwa na rangi ya kahawia na harufu ya moshi.

Mama Nzabandora alichovya kidole, akanusa.

"Hii iko ya maharage," akasema. "Ya kupaka muntu, bado."

"Mama, moto ilikuwa mukali."

"Moto haina kosa. Ni weye njo ulikuwa unaiangalia."

Kwetu, mafuta ya ng'ombe, yaani samli, yana heshima mbili. Kuna yale ya kutia kwenye chakula, na kuna yale ya kupaka mwili: ya mtoto mchanga, ya mama aliyejifungua, ya bibi arusi. Mwanamke ambaye samli yake ni ya kupaka mwili anasimama mahali fulani mbele za watu. Mwanamke ambaye samli yake ni ya maharage anasimama jikoni. Kosa la siku moja, kwa sababu ya mgeni mwenye maneno mengi, likamkaa Emérence kama jina la ubatizo. Kila alipopeleka chungu kwa mama mkwe, yule mzee alikipokea kwa mikono miwili, akashukuru, akakiweka upande wa jikoni bila hata kukifunua. Mimi ningekasirika. Yeye alikasirika, lakini aliendelea kupeleka.

Ndipo akaja Mukasine. Ndayambaje, mdogo wake Nzabandora, alimwoa wakati wanaume wengi walikuwa wanapelekwa kwenye mashamba ya pareto ya wazungu, na harusi ikafanyika haraka kabla naye hajachukuliwa. Mukasine alikuwa mwembamba, mpole, na mwanya katikati ya meno, na alizoea kuimba kwa sauti ya chini alipokuwa na kazi mkononi. Mama mkwe akampa gisabo kama alivyompa Emérence. Akampa na maneno yale yale. Mukasine akasukasuka, akayeyusha, akapeleka. Mama Nzabandora akachovya kidole, akanusa, kisha akafanya jambo ambalo Emérence hakulisahau: akajipaka mkononi, kuanzia kiganja mpaka kiwiko, akakaa akiuangalia mkono wake.

"Hii sasa," akasema.

Emérence alikuwa amesimama karibu na mlango na mtoto mgongoni. Aliniambia kwamba siku ile alimchukia Mukasine hata kwa ule mwanya wake wa meno.

Tangu hapo mambo yakawa hivyo. Msichana akiolewa, hata kilima cha ng'ambo, mama yake alikuja kuomba mafuta kwa Mukasine. Mtoto akizaliwa, kwa Mukasine. Watu walipita mbele ya nyumba ya Emérence, wakamsalimu vizuri kabisa, wakamuuliza habari za watoto, wakaenda zao juu na vibuyu vyao vitupu. Waliporudi walisalimu tena. Emérence aliitikia salamu zote mbili, lakini ya pili aliiitikia akiwa amegeukia ukuta.

Sasa nisikilize, kwa sababu hapa ndipo watu wanapomwonea Emérence. Wengine wakiwa na wivu hukaa na kusema. Emérence alifanya kazi. Alianza kwenda kwa Mukasine kuazima moto saa ambazo alijua kibuyu kiko kazini. Moto wake mwenyewe alikuwa ameuzima kwa maji.

"Karibu, dada," Mukasine alisema. "Moto imezimika tena?"

"Kuni iko mbichi," Emérence alijibu, na macho yake yalikuwa yanatembea chumba kizima.

Aliona majani ambayo Mukasine aliyachoma ili moshi wake uingie ndani ya kibuyu kabla ya kutia maziwa. Akayatafuta, akayapata kwenye shamba lililolala bila kulimwa, akayakausha. Aliona kwamba Mukasine huosha siagi mpaka maji yatoke meupe kama yalivyoingia, hata kama kidole kimekufa ganzi kwa baridi. Akaosha hivyo hivyo. Kitu cha mwisho kilimchukua miaka, kwa sababu hakikuonekana kwa macho. Siagi ikiwa motoni hulia, inatoa sauti ya kuchemka, na Mukasine alikuwa akiimba juu ya sauti ile. Halafu kila mara aliacha kuimba ghafla, akasikiliza, akaondoa chungu. Emérence alifikiri ni maringo. Siku moja, kwake mwenyewe, akiwa ameinama juu ya moto, akasikia siagi yake inanyamaza. Akaondoa chungu pale pale. Machicha yalikuwa yameshuka chini, ya rangi ya asali, na mafuta juu yake yalikuwa safi hadi unaona chini ya chungu.

Alijipaka mkononi, kiganja mpaka kiwiko, akiwa peke yake. Akajua kwamba amefika.

Akapeleka kwa mama mkwe. Mama Nzabandora akapokea kwa mikono miwili, akashukuru, akakiweka upande wa jikoni bila kukifunua.

Hapo mimi naona mtu angeweza hata kupiga kelele. Emérence alikwenda nyumbani akapika ugali. Mumewe alipomuuliza kwa nini hali, alisema jino linamuuma. Nzabandora alikuwa mtu mwema lakini mambo ya mafuta kwake yalikuwa mambo ya wanawake, na jino ni jino, akamtafutia dawa ya jino.

Yote hayo angeyameza, nadhani, kama si Colette. Colette alikuwa binti yake wa kwanza, yule aliyekuwa mgongoni siku ya kidole cha Mama Nzabandora. Mukasine hakujaliwa mtoto. Mwaka ukaja na mwaka ukaenda, Ndayambaje hakumfukuza, na Mungu amlipe kwa hilo, lakini nyumba yao ilikuwa kimya. Basi Colette alipoanza kutembea, alitembea kuelekea kule. Alikula kule, alilala kule, alijifunza kusukasuka kwenye magoti ya mama mdogo wake. Akirudi nyumbani nywele zake zilikuwa na harufu ya mafuta ya Mukasine. Emérence alimwosha kichwa kabla ya kumruhusu kukaa kitako.

"Mama yako ni nani?" alimuuliza mara moja.

"Ni weye, mama," mtoto akajibu, akishangaa.

"Basi ukae hapa."

Mtoto akakaa kidogo, halafu akaenda kule.

Mwaka wa hamsini na tano Colette alichumbiwa na Hilaire, fundi wa mbao wa kule chini Kirotshe, kijana wa watu, mwenye mikono iliyotulia. Padri akapanga siku. Na hapo ndipo Emérence alipoona mlango wake. Alikuwa na chungu cha samli alichokuwa amekiweka juu ya dari, pale moshi unapopita, kwa ajili ya harusi hii. Alikichagua mwenyewe katika vyote alivyopika, kile cha ng'ombe aliyekula majani mapya baada ya mvua. Kitu alichokitaka kilikuwa kimoja, na aliniambia waziwazi: mtoto wake atoke nyumbani akiwa amepakwa mafuta ya mama yake, na watu wajue.

Lazima nieleze desturi ya familia ile, maana bila hiyo hutaelewa. Bibi arusi alipakwa na bibi yake, mama wa baba, mbele ya wanawake wa familia. Kabla ya kuchovya, bibi aliuliza: mafuta haya, nani ameyaleta? Mwenye mafuta alijibu: mimi, na sina neno. Hapo yalipakwa. Mafuta ambayo watu wawili wanayadai, au ambayo mwenyewe ana kinyongo, hayakugusa ngozi ya bibi arusi. Yalirudishwa, na msichana alikaa kwao mpaka ugomvi uishe. Kuna msichana wa ng'ambo aliyekaa hivyo tangu mahindi yanapandwa mpaka yanavunwa, kwa sababu shangazi zake wawili walivutana juu ya chungu kimoja. Mwanamume akachoka, akaoa kwingine. Kila mtu kilimani alikijua kisa hicho.

Siku chache kabla ya harusi, Mama Nzabandora alimwita mjukuu wake mbele ya mama zake wote wawili.

"Mutoto wangu, unataka mafuta ya nani?"

Emérence alikuwa tayari ameanza kutabasamu.

"Ya mama mudogo, bibi," Colette akasema. "Njo mafuta nilikomalia ndani yake, tangu niko mudogo."

Hakusema kwa ubaya. Alikuwa msichana wa miaka kumi na saba, alisema tu lililo kweli. Lakini Emérence alihisi kama ameambiwa mbele ya watu kwamba yeye alizaa tu, na mwingine akalea. Mukasine aliinamisha kichwa. Mama Nzabandora akapiga makofi madogo ya furaha, akasema vizuri, na mafuta ya Emérence yatafaa kwa chakula cha wageni, maana maharage yatakuwa mengi.

Mchana wa kuamkia harusi, vyungu viwili vilikuwa nyumbani kwa mama mkwe. Cha Mukasine kilikuwa cheusi, mdomo umevunjika kidogo, kimewekwa chumbani juu ya mkeka. Cha Emérence kilikuwa na kifuniko cha ukindu, kimewekwa jikoni karibu na magunia ya maharage. Wanaume walikuwa nje wakifunga matawi ya ndizi kwenye njia, wanawake walikuwa kisimani, Mama Nzabandora alikuwa uani akigombana na watu wa pombe. Emérence akaingia.

Alikwenda kwa nia ya kuyamwaga mafuta ya Mukasine. Alikishika kile chungu cheusi, akafika nacho mlango wa nyuma, na mikono ikakataa. Kwetu hakuna anayemwaga maziwa chini, wala kitu chochote kilichotoka kwenye maziwa. Ng'ombe wanasikia, tunasema, wanakauka. Unaweza kumchukia mtu mpaka usilale, lakini mafuta yake huwezi kuyamwaga. Nakuambia, Emérence hakushindwa hapo kwa sababu ya uoga. Ni malezi.

Basi akafanya jambo jingine. Kwa baridi ya milima yetu samli hukaa imeganda, haimiminiki. Alichukua mwiko na bakuli la mti, akachota mafuta ya Mukasine yote akayaweka kwenye bakuli, akachota yake mwenyewe akajaza chungu cheusi, akalaza juu kwa kidole vizuri, kisha ya bakuli akayajaza kwenye chungu chake chenye kifuniko. Jasho lilimtoka. Mwisho alinusa mikono yake, na hakuweza kujua harufu ipi ni ya nani. Hilo lilimfurahisha kuliko chochote kilichompata tangu aolewe.

Na alikuwa na mpango, si kwamba alikuwa anaiba tu. Kesho mama mkwe atafunua chungu cheusi, atanusa, atasifu mbele ya wote. Kisha atauliza nani ameyaleta. Mukasine atakuwa amekwisha kunusa, na pua ile haiwezi kudanganywa. Atajua si yake. Naye ni mkristu wa kukaa benchi la mbele, hawezi kudai kisicho chake. Atanyamaza. Hapo Emérence atasema: mimi, na sina neno. Sifa itakuwa imekwisha kutoka mdomoni mwa mzee, hairudi tena.

Asubuhi wanawake wakajaa chumbani. Colette alikaa kwenye mkeka, mabega wazi, akitetemeka kidogo kwa baridi na kwa mengine. Kaa la moto likawekwa karibu na chungu cheusi ili mafuta yalegee, na harufu ikaanza kupanda. Mama Nzabandora akafunua, akainamia, akavuta pumzi ndefu.

"Mukasine," akasema polepole, "tangu uingie ku famille hii, haujapika mafuta kama hii."

Wanawake wakaguna kwa kukubali. Emérence alikuwa nyuma, karibu na ukuta. Aliniambia juu ya sifa ile: sikuwahi kuonja pombe ikaniingia vile. Akamwangalia Mukasine. Mukasine alikuwa ameinua uso, pua zake zimefunguka, na ule mdomo wenye mwanya ulikuwa wazi kidogo. Alikuwa amejua.

Lakini kabla bibi hajauliza, Colette alinyoosha mkono, akachovya ncha ya kidole, akajipaka kwenye kiwiko, akanusa kidole, na machozi yakaanza kumtoka.

"Ni nyumba ya mama mudogo," akasema. "Hata nikienda mbali, nitakuwa na hii."

"Mafuta hii, nani aliileta?" Mama Nzabandora akauliza.

Mukasine aligeuza kichwa, akamwangalia Emérence moja kwa moja, bila hasira, akangoja. Alimwachia nafasi. Neno moja tu lilihitajika, na Emérence alikuwa nalo tayari kwenye ulimi. Akamwangalia mtoto wake anavyolia na kucheka, kidole kikiwa chini ya pua. Akaona nini kitafuata: macho yale kumgeukia, maswali, chungu cha mwingine kilifunguliwaje, mafuta ya mwingine yako wapi, na bibi akifunika chungu na kusema yarudishwe. Akamwona Hilaire anangoja chini Kirotshe. Akamkumbuka yule msichana wa ng'ambo.

Wanawake wakaanza kutazamana.

"Nimeuliza," mama mkwe akasema, na sauti ilikuwa imebadilika.

Emérence alifunga mdomo wake. Alisema meno yaligongana.

"Mimi, mama," Mukasine akasema. "Na sina neno."

Hivyo Colette akapakwa. Nywele, uso, shingo, mikono, mpaka nyayo. Akang'aa, na harufu ikajaa nyumba, na kila mwanamke aliyepita mlangoni alimshika Mukasine mkono na kumpongeza. Emérence aliona kila mkono. Mafuta yake, jasho lake, miaka ile yote ya kuazima moto, yakatembea mbele ya kilima kizima yakiitwa ya Mukasine, na yalikuwa yanasifiwa kuliko yalivyopata kusifiwa mafuta yoyote. Alimwonea wivu mwenzake kwa kitu alichokipika yeye mwenyewe. Nimeona wivu wa namna nyingi, huo sikuwahi kuuona kwingine.

Baada ya misa tukala. Maharage yalikuja kwenye masinia, yametiwa mafuta kutoka chungu chenye kifuniko cha ukindu. Mimi nilikula mara mbili, yalikuwa matamu sana. Mama Nzabandora alitafuna, akafuta mdomo.

"Emérence," akasema kwa upole, maana siku ile alikuwa na furaha, "mafuta yako kwa maharage iko sawa kabisa. Njo mahali yake."

Mukasine alikuwa ameketi ng'ambo ya sinia. Aliacha kutafuna. Mafuta yake mwenyewe, ambayo nusu ya mabibi arusi wa kilima walipakwa, yalikuwa yameshukia kwenye maharage, na mzee yule yule hakuyatambua. Emérence aliniambia alimwona akitazama tonge lake kwa muda mrefu. Kisha akalimeza, akanyoosha mkono tena.

"Iko sawa kabisa," akasema. "Dada, nipitishie tena."

Baada ya siku ile hawakuongea juu yake. Emérence hakwenda tena kuazima moto. Mukasine hakusema neno kwa mtu, na hilo nalo lilimuudhi Emérence vibaya sana, kwa sababu kama angelisema, wangeligombana, na mtu unayegombana naye unaweza kumjibu. Alinyamaza, akaendelea kuwa mpole. "Hata kwa upole amenipita," Emérence aliniambia, na hakuwa anacheka.

Mwaka uliofuata, baada ya mavuno, Colette alijifungua mtoto wa kiume Kirotshe. Mfanyabiashara wa chumvi aliyepanda kutoka ziwani ndiye aliyeleta salamu, na alizipeleka kwa Mukasine kwa sababu ndivyo alivyotumwa. Alasiri hiyo Mukasine akatokea mlangoni kwa Emérence na chungu cheusi mkononi. Kilikuwa kitupu.

"Colette anaomba mafuta ya mutoto," akasema. "Anasema ile alipakwa siku ya mariage. Hataki ingine."

Emérence alikuwa anapepeta. Hakusimama.

"Si una yako?"

"Niko nayo. Lakini siyo ile, dada. Weye unajua."

Emérence akaendelea kupepeta mpaka ungo ukawa hauna kitu cha kupepetwa.

"Utamuambia ni ya nani?" akauliza mwishowe.

"Nitamuambia vile utataka. Ukisema nimuambie ni yako, nitasema ni yako. Ataniuliza iliingia ku chungu yangu namna gani. Hapo nitajibu nini?"

Emérence alisimama, akapanda kwenye dari, akateremsha samli aliyokuwa ameipika baada ya mvua za mwisho. Akachota, akajaza chungu cha mwenzake mpaka mdomoni pale palipovunjika, akalaza juu kwa kidole. Alijua kwamba akiyatoa mafuta hivi leo, atayatoa na kwa mtoto wa pili, na wa tatu. Aliniambia alifikiria hata kuchanganya na moshi kidogo, kuyaunguza makusudi, ili Colette aone kwamba mama mdogo wake amezeeka mkono. Lakini yalikuwa ya mjukuu.

Mukasine alinyoosha mikono kukipokea. Emérence hakumpa.

"Nitapeleka mimi," akasema.

"Vizuri," Mukasine akajibu. "Ni mujukuu wako."

Akateremka kesho yake, chungu cheusi kichwani, njia ndefu ile ya kushukia ziwani. Alipofika, Colette alikuwa amelala na mtoto ubavuni. Alimwona mama yake, akafurahi. Akaona chungu, akafurahi zaidi. Akakifunua, akanusa, akafumba macho.

"Njo yenyewe," akasema.

Emérence aliosha mikono, akachukua mafuta yake, akayapasha moto viganjani, akamweka mtoto kwenye mapaja. Akampaka kichwani, mgongoni, katikati ya vidole vya miguu, mahali pote ambapo bibi anajua. Mtoto hakulia. Emérence alikaa siku kadhaa kule, na kila asubuhi alimpaka mwenyewe, hakumwachia mtu. Siku ya kurudi Colette alimsindikiza mpaka kwenye njia, mtoto amelala mgongoni, anang'aa.

"Mama, ukifika, umuambie mama mudogo aksanti sana," akasema. "Umuambie mutoto iko anakomaa ndani ya mafuta yake."

"Nitamuambia," Emérence akasema.

Akapanda mlima na chungu kitupu. Alipita kwa Mukasine, akamrudishia chungu chake, akampa habari za mtoto, uzito wake, nywele zake, jinsi anavyonyonya. Mukasine aliuliza yote, akacheka kwa furaha, kisha akangoja kama kuna neno jingine. Emérence akamuaga.

Siku aliponisimulia, maharage yakiwa yamekwisha kumenywa, nilimuuliza kwa nini hakuifikisha ile aksanti, maana Mukasine alikuwa angali hai, nyumba yake tuliiona kutoka pale tulipokaa. Emérence aliniangalia kana kwamba nimeuliza jambo la kipumbavu.

"Ile aksanti ilikuwa yangu," akasema. "Nimupelekee yeye ya nini?"